Maneno Niliyomvika Bi. Dorothea

Mama Noella alingoja mpaka mikono yangu yote miwili ikawa imejaa mafuta ya mawese ndipo akaniuliza. Ananijua. Anajua mikono ikiwa huru nitashika simu, nitatazama saa, nitasema kuna mtu ananiita nje. Tulikuwa jikoni kwake, mtaa wa South End mjini Louisville, siku ya kuamkia harusi ya binti yake Noella, na mimi nilikuwa nimeendesha gari tangu asubuhi kutoka Westerville, kaskazini mwa Columbus, ninakoishi siku hizi. Palikuwa na masufuria matatu ya sombe, yaani kisamvu, sinia la vidagaa vya sambaza vilivyokwisha kukaangwa, na wanawake wanne sebuleni wakibishana kuhusu vitambaa vya meza. Karibu miaka kumi tulikuwa hatujaonana uso kwa uso. Simu tulipigiana, ndiyo, za Krismasi na za msiba. Akasukuma mlango kwa kisigino ukafungika, akasema, "Bon, Mwende. Kwetu hatuingizake mutoto mu ndoa na kintu mu roho. Miye niko na yangu, inanikamata miaka kumi. Ile barua ya Mama Dorothea, uliibadilishaka?"

Nikasema, "Barua gani?" Jamani, mtu mzima mimi, miaka thelathini na minane, nikasema barua gani! Yeye alichukua mwiko akakoroga sombe, akanipa nafasi ya kuona haya, na haya nikaiona.

Barua ile niliiandika katika mwaka mmoja niliokaa Buffalo nikiwa mwanafunzi wa uzamili, kuanzia majira ya baridi ya 2015. Nilikuwa na miaka ishirini na minane na nilijiona fundi wa kuandika. Kwenye ubao wa idara yetu palibandikwa tangazo: bibi mzee, macho yamefifia, anatafuta mtu wa kumsomea magazeti na kumwandikia kitabu cha maisha yake. Nyumba ilikuwa Kenmore, kijiji kilichoshikana na Buffalo upande wa kaskazini. Nilifika mlangoni theluji imeingia hadi kwenye soksi, nimekariri salamu zangu za Kiingereza, na mlango ukafunguliwa na mwanamke mwenye kitenge juu ya suruali nzito. Akanitazama kutoka juu hadi chini. "Weye, dada, ni wa wapi? Unajua Kiswahili?" Nusura nimrukie shingoni. Huyo ndiye Mama Noella, Mkongo wa Uvira, aliyekuja kila asubuhi kwa basi kumwogesha bibi na kumpikia. Kiingereza chake wakati huo kilikuwa cha kuhesabika, lakini nyumba yote ilikuwa mkononi mwake.

Bibi mwenyewe, Bi. Dorothea, alikuwa na miaka themanini na sita, na enzi zake alikuwa mtu wa kutajika. Aliingia baraza la kaunti kwa chama cha wahafidhina zama ambazo mwanamke akiingia mkutanoni wanaume wanamkabidhi birika la kahawa. Birika hilo walimkabidhi kweli, siku ya kwanza. Alilipokea, akammiminia kila mmoja kikombe, akaketi, akatoa hoja yake, ikapita. Baadaye akawa mbunge wa jimbo miaka kumi na minane. Alipinga kodi, alipinga ruzuku, aliamini kila mtu abebe furushi lake mwenyewe. Katika chumba cha vioo nyuma ya nyumba, ambacho aling'ang'ania kukiita chumba cha jua ingawa jua la Buffalo huja kwa mwaliko, ukuta mzima ulikuwa picha: mstari wa suti nyeusi na katikati yake kofia moja, yeye. Kwenye droo ya kabati palikuwa na jozi tisa za glavu nyeupe. Mama Noella alizifua zote kila mwezi, ingawa hazikuwa zimevaliwa tangu yeye hajazaliwa.

Kazi yetu ilikwenda hivi. Saa nne asubuhi, akishamaliza yai lake na mkate wenye jemu ya machungwa, tunakaa chumba cha jua. Yeye anasema, mimi naandika kwenye daftari neno kwa neno. Jioni naenda kwenye chumba changu na kupiga chapa kwenye kompyuta. Macho yake yalikuwa yameharibika katikati, kwa hiyo alipotaka kukuona alitazama sikio lako. Hakuweza kusoma hata mstari mmoja. Nilikuwa macho yake, na nisipotahadhari najisahau na kuona fahari hata leo nikisema hivyo. Nilimpikia chai ya maziwa na tangawizi, akaiita supu, akaidai kila siku. Ijumaa tulikula samaki wa kukaanga aliyeagizwa mkahawani, na Mama Noella alimchambulia miiba huku akininong'onezea, "Ona, samaki munene hivi, na pilipili hakuna. Ni zambi."

Usidhani nilimnyenyekea kwa kila jambo. Siasa zake sikuzipenda na nilimwambia. Ulikuwa msimu wa kampeni, runinga inapiga kelele kutwa, na chama chake mwenyewe kilimtia kinyaa. "Zima hiyo," alisema siku moja. "Sisi tulikuwa wakali, lakini tulikuwa na adabu." Nikamjibu kwamba mkali mwenye adabu anaumiza vilevile, tena unachelewa kumshtukia. Akageuka, akalitazama sikio langu kwa muda, akacheka mpaka supu yake ikamwagika. "Umenikamata," alisema. Kwa hiyo kubishana na mzee kuhusu kodi niliweza. Kumwona mzee akijivua nguo, hapo ndipo niliposhindwa.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya Februari. Tulikuwa tumefika kwenye miaka yake ya baraza la kaunti, na nikatarajia habari ya birika tena. Badala yake akaniuliza kama mlango umefungwa. Akasema, "Sasa andika kuhusu Ruth, na hii usiisubirishe kitabu. Ipigwe chapa kama barua, ipelekwe." Ruth alikuwa mwanamke Mweusi wa upande wa mashariki wa Buffalo, aliyekuwa na kituo cha kulea watoto wa akina mama wa viwandani. Hawakuwa wa chama kimoja, lakini katika kampeni ya kwanza, wakati Bi. Dorothea hajui kuendesha gari, Ruth ndiye aliyemwendesha nyumba hadi nyumba. Kisha kituo kikahitaji kura ya baraza ili kisifungwe. Bi. Dorothea alimwahidi kura hiyo. Siku ilipofika akapiga ya hapana, kituo kikafungwa, na baada ya miezi sita chama kikampa nafasi ya kugombea ubunge. Hawakusemezana tena. Ruth alikuwa bado hai, dakika ishirini kwa gari kutoka pale tulipoketi, na ukimya huo ulikuwa na zaidi ya miaka arobaini.

Hayo aliyasema bila kupanda wala kushuka sauti. Lakini machozi yalimtoka, yakapita kando ya pua, yakaingia kwenye ukosi wa sweta, wala hakuyafuta, labda hakujua kama yanaonekana. Niliandika kichwa kimeinama. Nilikuwa nafikiria nyanya zangu wote niliopata kuwajua, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa mbele ya mtu wa umri wangu akasema mimi ni mwoga. Kwetu mzee akikosea, vijana ndio wanaomfunika. Unazungumza mambo mengine. Unamletea maji. Makosa yake unayazunguka kama unavyozunguka mtu aliyelala mkekani. Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo tulivyolelewa, na hakuna aliyetufundisha lini kombe lifunuliwe.

Basi jioni nikakaa kwenye kompyuta na daftari lake pembeni, nikamfunika. Sikuwa na nia mbaya, na hilo halinisaidii kitu. Nilianza kwa salamu, kwa sababu barua isiyo na salamu kwetu ni matusi: natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya pamoja na familia yako yote. Halafu nikaandika, na haya nayajua kwa ghibu kwa sababu nimeyarudia mara nyingi kuliko sala: "Katika mwaka ule yalijitokeza mambo magumu kuhusu kituo cha watoto, na kila mmoja wetu alifanya aliloona linafaa kwa wakati huo. Nimeendelea kukukumbuka kwa heshima kubwa." Nikaisoma, nikaiona ina hadhi. Nikajipongeza. Kesho yake nikamshika Bi. Dorothea kidole, nikakiweka mahali pa kutia saini, akasaini.

Ningeishia hapo ningekuwa mjinga tu. Lakini kabla sijaifunga bahasha alisema, "Nisomee. Nataka kusikia nilichompelekea." Barua ilikuwa kwenye paja langu la kulia na daftari kwenye paja la kushoto. Nikafungua daftari. Nikamsomea maneno yake mwenyewe, yale yale, mpaka la mwisho, huku mkono wangu mwingine umeshika karatasi isiyo na hata moja ya hayo. Mama Noella alikuwa amesimama mlangoni na taulo. Bi. Dorothea alisikiliza kichwa kimeegemea nyuma. Nilipomaliza alivuta pumzi ndefu kama mtu aliyetua ndoo. "Ni ngumu," alisema, "lakini ni kweli. Ipeleke kabla sijaogopa." Nikaipeleka. Ilikuwa baridi ya kukata masikio na nilitembea hadi sanduku la posta nikiimba.

Majibu yalikuja baada ya siku tisa. Siku hizo tisa zote alikuwa akisikia kila gari linalopita mtaani. Ilikuwa kadi ndogo tu, maandishi ya mtu aliyefundisha watoto kuandika, kila herufi imesimama. Ndiyo siku niliyoamua kuwa mwaminifu, mimi huyu! Ningeweza kubuni chochote, ningeweza kumwambia Ruth anamsalimu. Nikasoma kama ilivyo: "Dorothea, hata uzeeni bado unaongea kama kamati. Usiniandikie tena. Ruth."

Mama Noella alikuwa anasugua sinki jikoni na sauti ya brashi ndiyo iliyokuwa chumbani. Kisha Bi. Dorothea akasema, taratibu kabisa, "Nilidhani mara hii nimesema kama mtu." Akaomba nimfunike miguu. Nilimfunika. Mdomo wangu ulikuwa wazi, nakuapia, maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno: si wewe, ni mimi, hajayasikia yako. Sekunde kumi zingetosha. Ila sasa ningemwambiaje kwamba nilimsomea daftari? Ningemwambiaje kwamba kidole chake nilikiweka kwenye saini ya kitu asichokisema? Nikajiambia atasahau. Nikajiambia nitamwambia kesho, akishakula, akishalala vizuri.

Kitabu kiliishia hapo. Alinilipa kuja, nikaja, tukasoma magazeti. Nilipolifungua daftari alisema, "Si leo." Mwezi Aprili daktari alimkataza chumvi naye akatii, yeye aliyekuwa akibishana na kila daktari, na Mama Noella akanivuta pembeni. "Ule mama kintu kimemuvunja. Unajua ni nini?" Nikasema ni uzee. Mama Noella akasema, "Tumupeleke kwa ule rafiki. Kwetu mutu anaomba samahani na kinywa yake, hapana na karatasi. Noella atatafuta njia mu simu." Nikamwambia hapana, haifai, bibi atachoka, tutamwaibisha. Sikutaka wakutane wale wanawake wawili. Nilijua wakikutana dakika mbili tu, mimi nimekwisha.

Agosti nilipata kazi Columbus. Kumuaga nilimuaga vizuri, kwa chai. Alinipa jozi moja ya glavu zile nyeupe, akasema nilikuwa macho mema. Novemba Mama Noella alinipigia kwamba amefariki. Sikwenda kwenye maziko. Niliwaambia watu kazi ni mpya, siwezi kuomba ruhusa, na wote walinielewa. Kazi yenyewe, nisikufiche, ni ya kuwajibu wateja wanaolalamika. Naandika barua zinazosikitika bila kukiri chochote. Nimepandishwa cheo mara mbili.

Sasa jikoni Louisville, mafuta ya mawese mikononi, Mama Noella akanieleza kilichotokea kule makaburini nisikokwenda. Kumbe Ruth alikuja. Mwanamke mrefu, fimbo mkononi, alikaa kiti cha mwisho na hakuimba. Baada ya yote alimfuata Mama Noella, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amevaa kama mfiwa, akatoa barua kwenye mkoba. Aliitunza. Mtu aliyeandika usiniandikie tena aliitunza barua ile miezi tisa na akaja nayo makaburini. Akauliza kama Dorothea hakuwahi kusema kitu kingine. Kitu chochote.

"Kingereza yangu ilikuwa kidogo," Mama Noella alisema. "Noella alikuwa pa mbele yangu, akanisomea ile barua mu Kiswahili. Nikashangaa. Juu miye niliskiaka ile siku mu mulango. Niliskiaka weye unamusomea Mama Dorothea, unasema muoga. Ile neno nilikuwa naijua mu Kingereza, Noella alikuwa anaileta kutoka ku masomo kila siku, watoto wanaitana vile. Na mu barua, muoga hakuna. Donc nikasema mu roho yangu, pengine ni maskio yangu. Pengine sijui hii luga. Nikamuambia yes, yes, ni ile tu, basi. Akaniangalia. Akaenda." Aliweka mwiko chini. "Miaka kumi, Mwende. Nafikiri ni maskio yangu ilikosa."

Nilimwambia. Yote, hadi kidole kwenye saini. Nilidhani atanifukuza, au atanikumbatia, moja kati ya hayo mawili. Alinawa mikono, akachukua kitambaa, akaifuta yangu kidole kwa kidole kama anavyomfuta mgonjwa. "Ulifikiri unamuheshimu," alisema. "Eh. Na ule mama alikuwa anataka mutu amuone tu." Kisha akaniambia nikate vitunguu, maana wageni mia mbili hawangojei machozi ya mtu. Nikakata. Mlangoni Noella alichungulia na kumwuliza mama yake kitu kwa Kiingereza kuhusu keki, akajibiwa kwa Kiswahili, na sisi tukaendelea.

Niliporudi Westerville nilitafuta kanisa la Ruth. Jina la kanisa hilo lilikuwa kwenye daftari. Karani aliyepokea simu alikuwa mpole sana. Alisema Mama Ruth alilala miaka minne iliyopita, kwamba hadi mwisho alikuwa akifundisha watoto kuandika kila Jumapili, akaniuliza kama mimi ni mmoja wa watoto wake wa zamani. Nikasema hapana, nilikuwa na barua yake. Akasema basi, pole, imechelewa, lakini asante kwa kukumbuka.

Mficha uchi hazai, wanasema, na mimi niliuficha uchi usio wangu. Daftari ninalo. Lilikaa sandukuni, limefungwa ndani ya glavu, na tangu harusi liko hapa mezani. Maneno yenyewe aliyasema kwa Kiingereza na mimi nayatia katika lugha yangu, bila salamu na bila kuyavisha kitu. Hayana tena mwenyewe aliyeyasema wala mwenyewe aliyeyangoja. Yanakwenda hivi:

"Ruth. Niliahidi, na jina langu lilipoitwa nikasema hapana. Ulikuwa umeketi juu, kwenye roshani ya wasikilizaji, safu ya pili, na koti la kijani. Nilikuona kabla sijafungua mdomo. Sikuinua macho tena kwa sababu nilijua unanitazama. Watakwambia nilikuwa na msimamo. Sikuwa na msimamo, nilikuwa mwoga, na walinilipa kwa woga wangu na nikapokea. Kampeni ile tulipofika kwa wakubwa wa chama mimi niliingia kula na wewe ulikula ndani ya gari, na nilipotoka ulikuwa umeniwekea kiti changu joto. Sikuombi unisamehe. Nataka tu ujue kwamba nilijua. Siku ile ile, pale pale, nilijua."